Gari ya kulala safarini, 4WD, iliyotumika: nichukue Delica ya wageni au Hiace ya Moshi?

Mleta uzi

Wakuu, wakubwa zangu shikamooni, wengine habari za leo. Nipo Njiro, Arusha. Nina mke na watoto wawili, mmoja ana miaka saba na mwingine minne. Tunapenda sana kutembea mbugani. Siku zote tunaenda na gari ndogo na hema, na mvua ikitukuta tunarudi nyumbani na magodoro yanayochuruzika maji. Sasa tumejichanga, tunataka van iliyogeuzwa chumba: kitanda, jiko, friji, tangi la maji. Iwe 4WD, yaani inayovuta kwa matairi yote manne, maana safari zetu ni Natron, Tarangire, Ndutu, na Mungu akijalia Ruaha.

Mkononi nina mbili.

Ya kwanza ni Mitsubishi Delica Space Gear ya 1997, dizeli 2.8 turbo, otomatiki. Ilitoka Japani ikauzwa Uingereza, na huko ndiko ilikogeuzwa. Wenye nayo ni mtu na mkewe walioshuka nayo pwani ya Afrika Magharibi mpaka Cape Town, wakapanda hadi hapa. Wamechoka, wanataka kurudi kwao kwa ndege. Paa lake linainuka, wawili wanalala juu na wawili chini. Kabati nyeupe, taa ndogondogo, sinki, friji, sola. Ukifungua mlango unajisikia umeingia hotelini. Bado ina namba za Uingereza. Wanataka dola 8,500.

Ya pili ni Toyota Hiace ya 2008, petroli 2.7, 4WD, paa refu, ina namba zetu za T. Mwenyewe yuko Moshi, aligeuza kwa seremala wake. Kabati ni nzitonzito, mapazia yamepauka, friji hana. Anasema milioni 42.

Mama watoto ameipenda Delica, na mimi nakubali moyo wangu umeegemea huko. Naombeni maoni ya watu wanaojua, kabla sijatoa hata shilingi ya kishika uchumba.

---

Fundi wa Ngarenaro

Mkuu, nitaongea kama mtu anayeshinda chini ya magari haya. Unaponunua gari ya namna hii, unanunua vitu viwili: gari na nyumba. Nyumba inaweza kuvunjwa na kujengwa upya kwa mbao, misumari na seremala mzuri. Gari haijengwi upya. Kwa hiyo kabati, taa na sinki vifumbie macho kabisa mpaka umemaliza chini.

Delica nazijua. Injini ya 4M40 ni ileile ya Pajero, kwa hiyo vipuri vya injini vinapatikana. Ina timing cheni, si mkanda, hilo ni zuri. 4WD yake ni nzuri kweli kuliko ya Hiace: una 2H ya kuvuta kwa matairi mawili, una 4H ya manne ambayo unaweza kutembea nayo hata kwenye lami, una ya kufunga difu ya kati, na una low, yaani gia nzito za mwendo wa polepole. Kwenye mchanga wa Engaruka au kushuka mahali pabaya, low inakuokoa wewe na breki zako.

Ugonjwa wake mkubwa ni kuchemsha. Injini iko chini ya viti vya mbele, imebanwa, haipati hewa vizuri. Rejeta ikianza kuziba, inachemsha mlimani, na 4M40 ikichemsha sana silinda hedi inapasuka. Hapo umeingia kwenye milioni kadhaa. Kwa hiyo usiijaribu kwa kuzunguka mjini. Nenda nayo Mto wa Mbu, panda ule mlima wa kwenda Karatu mchana wa jua kali, AC imewashwa, mzigo umo ndani. Mshale wa joto ukipanda hata kidogo kupita kawaida, rudi mrudishie mtu gari yake. Asubuhi ikiwa imepoa, fungua kifuniko cha rejeta kabla haijawashwa: ukiona utando wa mafuta, au baada ya kuwasha ukaona mapovu yanatoka mfululizo, usiendelee.

Hiace hiyo ya petroli ni 2TR. Ni injini ya kazi, ina cheni, kila fundi wa Tanzania anaifahamu, kila duka la vipuri Kariakoo lina vitu vyake. Shukuru si ile dizeli ya 1KD, maana nyingi za miaka hiyo zinasumbua nozeli na hata pistoni. Ila ujue mambo mawili. Inakula mafuta, na ukiwa na mzigo wa nyumba itakula zaidi. Na 4WD yake ni ya kujiendesha yenyewe, haina low. Inakutoa kwenye tope la kawaida na nyasi zenye umande. Kwenye mawe makubwa na mchanga mzito utavuja jasho.

---

Mtz wa Leicester

Kaka, nipo Uingereza miaka mingi na nimeshamiliki gari ya aina hii huku. Nina mawili.

La kwanza ni kutu. Huku majira ya baridi serikali inamwaga chumvi barabarani ili barafu isigande. Chumvi hiyo inarukia chini ya gari kila mwaka na kula chuma. Delica nyingi za huku zimeliwa sehemu za pembeni chini ya milango, matao ya matairi ya nyuma, na bomba la kujazia mafuta. Juu inapigwa rangi, inang'aa. Chini ni kilio.

La pili, na hili usilikose: huku gari ikishatimiza miaka mitatu inakaguliwa kila mwaka, ukaguzi unaitwa MOT. Historia ya ukaguzi iko kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza, ni bure, unaingiza namba ya gari tu. Utaona kila mwaka gari ilikuwa na maili ngapi, ilifeli kwa sababu gani, na mkaguzi alionya nini. Kama kuna kutu, utaisoma pale kwa neno corrosion. Waombe wenye gari namba, au isome kwenye picha, uangalie leo hiihii.

---

Mwanaforodha mstaafu

Naona watu wote wamekimbilia injini. Tuanze na karatasi, maana hapa ndipo pesa zako zitakapozama.

Delica hiyo imezunguka Afrika kwa kitu kinachoitwa Carnet de Passages. Ni kitabu cha forodha. Kila nchi inagonga muhuri gari ikiingia na ikitoka. Maana yake, mwenye gari ameahidi kwamba gari itatoka. Amewekea dhamana kwenye chama cha magari cha kwao. Gari isipotoka, forodha ya nchi ilipobakia inadai kodi yake kwa chama, na chama kinamgeukia mwenye dhamana. Kwa hiyo hao wageni hawawezi kukuachia funguo na kupanda ndege, hata kama wanataka. Na wewe huwezi kuisajili bila kodi kulipwa. Kitabu kwa kawaida ni cha miezi 12, angalia tarehe.

Sasa kodi yenyewe. Ushuru wa forodha asilimia 25. Ushuru wa bidhaa kwa injini inayozidi cc 2000, asilimia 10. Gari imepita miaka kumi, kuna ushuru wa uchakavu asilimia 30. Halafu VAT asilimia 18 juu ya mkusanyiko wote huo, na tozo ndogondogo. Ukizipanga zinavyobebana, kodi inalingana na thamani nzima ya gari na kuzidi kidogo. Na thamani ni ile ya TRA, si dola 8,500 mlizopatana. Ingia kwenye kikokotoo cha TRA mtandaoni, au mtafute wakala wa forodha mwenye leseni akupe hesabu kwa maandishi kabla hujakaa mezani na wageni.

Mtu akikuambia "kuna njia ya mkato, tutaitembeza hivyohivyo na namba za kule", kataa. Siku ya kwanza utakayosimamishwa, gari inashikiliwa na wewe ndiye utakayeulizwa.

Ile ya Moshi nayo usiiamini kwa sababu tu ina namba za T. Omba kadi. Linganisha namba ya chesesi na ya injini kwa macho yako, si kwa picha ya WhatsApp. Halafu angalia kadi inasema gari ina viti vingapi na ni ya aina gani. Kama kadi inasema abiria wengi na ndani kuna kitanda na kabati, mwenye gari alipaswa kutoa taarifa ya mabadiliko. Alimalize yeye kabla ya kukuuzia.

---

Mama Wawili, Iringa

Kaka, mimi na mume wangu tuna van ya kulala na watoto wa umri kama wa wanao. Wanaume wameongea injini na kodi, na wamesema kweli. Mimi nakuuliza hivi: gari ikitembea, watoto wanakaa wapi?

Magari mengi yaliyogeuzwa na maseremala yana benchi refu pembeni, zuri sana mkiwa mmesimama. Lakini benchi hilo limepigiliwa skrubu kwenye ubao, na ubao umepigiliwa kwenye ubao mwingine. Mkanda wa usalama ukifungwa pale ni pambo tu. Gari ikigonga, mtoto anaondoka na benchi. Viti vya watoto lazima viwe vile vya kiwandani, au vilivyofungwa kwa bolti kwenye chuma cha sakafu na bamba chini yake, na mikanda yake ishikwe na chuma. Inua mto, tazama kwa tochi. Tulikataa gari nzuri sana kwa sababu ya jambo hili moja, na sijutii.

Kuhusu maji ya mvua. Ipeleke kwenye kuosha magari, umwombe kijana apige maji juu ya paa na kwenye madirisha kwa muda mrefu, asiwe na haraka. Halafu ingia ndani na kiganja. Papasa chini ya magodoro, kona za ndani za kabati, nyuma ya bitana ya dari. Nusa. Harufu ya ukungu haidanganyi. Paa linaloinuka ndilo lenye hatari zaidi, kwa sababu wamekata bati. Uliza kama waliweka fremu ya chuma kuzunguka tundu, na angalia kitambaa chake kwenye mikunjo.

Na rangi ya Delica ni gani? Kama ni buluu iliyoiva au nyeusi, mbung'o wa Tarangire na Ruaha watakufuata wewe kwanza. Ile mitego yao ya vitambaa mnayoiona mbugani ina rangi hizohizo. Uwe na nyavu kila dirisha linalofunguka, vinginevyo mtalala mmefungiwa kwenye joto.

---

Msafiri wa Nakuru

Ndugu yangu, usije ukafikiri utapata rahisi huku kwetu. Kenya hairuhusu kuingiza gari iliyotumika ya zaidi ya miaka minane, kwa hiyo van za kulala zilizopo ni chache na wenyewe wanazishikilia kama dhahabu. Na ukinunua ya Kenya, bado utakutana na forodha Namanga.

Mimi ningekwambia kodisha kwanza. Hapo Arusha kuna watu wanakodisha Land Cruiser zenye hema juu ya paa. Chukueni moja, nendeni na watoto, mpike, mlale. Mtajua kama kweli mnahitaji friji na sinki, au mnahitaji tu kitanda kikavu. Wengi wakishajua hilo wanabadilisha kabisa gari wanayoitafuta.

---

Fundi wa Ngarenaro

Dada wa Iringa ameongea. Mimi naongeza uzito, kwa sababu watu huwa wanausahau.

Lita moja ya maji ni kilo moja. Tangi la lita 80 ni kilo 80. Betri ya asidi ya 100Ah (ampea-saa, kipimo cha umeme inaohifadhi) ni kama kilo 30. Mtungi wa gesi wa kilo 6 ukiwa umejaa unazidi kilo 12. Na kile kinachoua Hiace nyingi za kienyeji ni MDF, mbao za unga wa mbao uliogandamizwa: ubao mmoja wa milimita 18, futi nane kwa nne, ni kilo 40 hivi. Seremala akitumia sita, ameweka watu watatu wazima ndani kabla hamjapanda. Springi zinalala, matairi yanachemka, breki zinakwisha, na kwenye korongo gari inakaa na tumbo. MDF ikinyeshewa inavimba kama mkate. Dawa yake ni plaiwudi nyembamba na fremu ya mbao nyepesi.

Kwa hiyo ipeleke mizani. Kuna maghala ya mazao na wanunuzi wa vyuma chakavu wenye mizani ya magari, utalipa kidogo na kupewa karatasi. Linganisha na kibandiko cha mtengenezaji kinachoonyesha kikomo cha uzito. Hata TANAPA wanatoza gari kwa uzito, na yenye namba za kigeni inalipa kwa dola, zaidi sana kuliko yetu.

Matairi nayo: ubavuni kuna tarakimu nne za mwisho. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye meno mazuri lakini limezeeka linapasuka kwenye joto.

Umeme. Friji ya kompresa ya volti 12 inavuta kama ampea 4 au 5 ikizunguka, na kwa joto letu itakula 40 hadi 50Ah kwa siku. Betri ya asidi ya 100Ah usiishushe chini ya nusu. Kwa hiyo mkisimama siku nzima bila kuendesha, sola ya wati 100 peke yake haitoshi. Fuata waya kutoka betri ya ndani. Kama hakuna fyuzi karibu kabisa na betri, gari hiyo inaweza kuungua mmelala. Na mtungi wa gesi uwe na tundu la hewa sakafuni, kwa sababu gesi ikivuja inashuka chini, haipandi.

---

Mleta uzi

Wakuu, nimerudi. Nimefuata mliyosema hatua kwa hatua, naweka majibu hapa ili na mwingine atakayetafuta apate.

Delica: kaka wa Leicester, ubarikiwe. Niliingiza namba kwenye ile tovuti. Maili zinalingana, hawakuchezea. Lakini miaka mfululizo mkaguzi ameandika kutu: mabomba ya breki, pembeni chini ya milango, na karibu na inapofungwa saspensheni ya nyuma. Mwaka mmoja ilifeli, ikachomelewa, ikapita. Tukaipandisha kwenye shimo la gereji. Fundi aliyekuwa nami alichukua bisibisi, akagonga polepole chini ya mlango wa kutelezesha. Mara ya kwanza mlio ulikuwa wa chuma. Sentimita chache mbele mlio ukawa butu, akasukuma kidogo, bisibisi ikazama hadi kwenye mpini. Juu yake kulikuwa na lami nyeusi ya kuziba, bado inanata. Wageni wenyewe walishtuka, nilisadiki hawakujua.

Wakala wa forodha alinipa hesabu kwa maandishi. Ukijumlisha na bei, Delica inanifikia juu kabisa ya Hiace, kabla ya fundi bodi. Mlimani ilipanda bila kuchemsha, lazima niseme haki yake. Tumeagana nao vizuri.

Hiace: namba ya chesesi inalingana na kadi. Idadi ya viti hailingani, na mwenyewe amekubali kushughulikia kabla ya mauzo. Viti vya mstari wa pili ni vya kiwandani, mikanda yake imeshika chuma, watoto watakaa hapo. Maji yaliingia kwenye dirisha la nyuma kushoto. Kabati la chini limevimba. Kwenye mizani, bila watu wala maji, imebakiza kilo mia na kitu tu kufika kikomo. Ni MDF kama fundi alivyosema, nilihesabu kabati moja moja. Matairi mawili ni ya 2016. Nilimwekea mzee wa Moshi karatasi zote mezani, tukaongea kwa heshima, ameshuka hadi milioni 35 na nusu.

Mama watoto alipoona ile bisibisi hakurudia tena habari ya kabati nyeupe. Sasa anachora za kwake.

Swali langu la mwisho kwa fundi: nikishang'oa kabati zote, naanza na nini? Springi, au niache kwanza? Na hili la kukosa low, Natron nitafika?

---

Fundi wa Ngarenaro

Hongera mkuu, hiyo ni kazi ya mtu mzima.

Usiguse springi. Ng'oa MDF kwanza, rudi mizani, uone gari imenyanyuka kiasi gani. Watu wanaweka springi ngumu kubeba uzito usiotakiwa kuwepo, halafu gari inawarusha kichwa. Ikiwa tupu, ng'oa na kapeti, kagua sakafu yote, ziba dirisha kwa gundi ya vioo mpya, si silikoni ya bafuni. Matairi manne mapya ya AT, yale ya lami na vumbi, kabla ya safari yoyote. Buti (mipira ya kufunika) za CV joint, viungo vya ekseli, za mbele zibadilishwe sasa hivi zikiwa na ufa, usingoje zimwage grisi.

Natron wakati wa kiangazi utafika. Shusha upepo wa matairi kwenye mchanga, uwe na pampu ndogo ya volti 12, kamba ya kuvutia, sepetu na mbao mbili za kuweka chini ya tairi. Ukikuta korongo lina maji, shuka uvuke kwa miguu kwanza. Kuanzia Machi hadi Mei udongo mweusi usiujaribu, hata mwenye low anakwama humo. Na kreta ya Ngorongoro wekeni siku ya kukodisha gari ya kushukia, hii iacheni juu.

Nyaraka zikikamilika ilete Jumamosi asubuhi, na uje na karatasi ya mizani.